Uulize Udongo Kabla ya Kununua Shamba

Mwaka uliopita mzee mmoja alifika katika ofisi yetu ya kilimo, akavua kofia, akaketi mbele ya meza yangu. Mkononi alikuwa na bonge la udongo lililofungwa katika gazeti.

"Kijana wangu," alisema, "nataka kujua nipande mbegu gani ya mahindi."

"Shamba liko wapi, mzee?"

"Upande wa Isinya. Nimeuza nusu eka yangu ya Kiambu, nami nimepata eka tano! Ni tambarare, halina jiwe hata moja, na udongo wake ni mweusi kama masizi."

Nilifungua gazeti. Bonge lile lilikuwa gumu kama tofali, na lilikuwa limepasuka pande zote. Nilimwuliza shamba alilitazama mwezi gani. Akajibu kuwa alilitazama mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi. Fedha alikuwa amekwisha kulipa.

Mimi ni karani tu, lakini kabla ya kuingia ofisini nilifundishwa kazi ya ualimu, na nilimweleza mzee yule kama ambavyo ningewaeleza watoto darasani. Nayaandika maelezo hayo hapa, kwa maana watu wengi huja kuuliza juu ya udongo wakati hati ya shamba imekwisha kuandikwa jina lao.

Watoto wa mama mmoja

Udongo mwekundu wa Kiambu na udongo mweusi wa nchi tambarare za Athi na Kapiti ni kama watoto wa mama mmoja. Sehemu kubwa ya udongo huu ulitokana na mawe ya volkano. Yaliyoutenganisha ni maji na mahali ulipokaa.

Katika miinuko mvua hupita, na kwa muda wa miaka maelfu mengi huosha chumvi za ardhi na kuzichukua. Chuma hubaki na kupata kutu, nayo kutu hiyo ndiyo inayoupa udongo rangi nyekundu. Pia hushikamanisha chembe za udongo kuwa punje ndogo, na maji na hewa hupita katikati yake.

Katika nchi tambarare maji hayana njia ya kutoka. Chumvi hukusanyika, na hapo hufanyika udongo wa mfinyanzi wa namna nyingine. Chembe zake ni kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia kati ya kurasa, kitabu huvimba, yakikauka, hunywea. Ndiyo sababu wakati wa mvua udongo huu hushika miguu na magurudumu, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono mzima waweza kuingia. Wengine huuita udongo wa pamba.

Udongo mwekundu

Huu ndio udongo wa kahawa, chai, mboga na mahindi. Mara nyingi unaweza kuchimba futi 6 au zaidi bila kufikia jiwe, na mizizi hushuka bila taabu. Tena hubeba nyumba vizuri, kwa kuwa hauvimbi sana.

Lakini una ila zake. Mara nyingi ni mchachu, na huishika mbolea ya fosfeti hata mmea usiipate. Basi iweke mbolea hiyo karibu na mbegu, uchanganye na samadi, na utie chokaa ikiwa vipimo vimeonyesha kuwa inahitajika. Juu ya miteremko mvua huuchukua upesi, kwa hiyo lima kwa kukingama mteremko na upande nyasi za napia kwenye kingo.

Kwa kuwa udongo huu wafaa kwa kilimo na kwa nyumba pia, siku hizi nyumba ndizo zinazoushinda. Mahali palipokuwa na kahawa pana majengo ya kupangisha. Simlaumu mwenye shamba, kwa sababu kodi ya nyumba huja kila mwezi. Lakini na ajue ya kuwa udongo uliokwisha kufunikwa kwa saruji haurudi kuwa shamba katika maisha yake, wala ya wajukuu wake.

Udongo mweusi

Wengi hudhani weusi ni alama ya rutuba kuu. Ni kweli kwamba udongo huu una chumvi nyingi zinazofaa mimea, lakini kazi ya kuulima ni nzito. Ukiwa mkavu, jembe haliingii. Ukiwa umelowa, jembe halitoki. Siku za kuulima vizuri ni chache, na mahindi yakisimama majini hugeuka rangi ya manjano na kufa. Tena nchi za Athi na Kapiti hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 hivi kwa mwaka, na mara nyingi haiji kwa wakati. Anayetaka kupanda huko na alime mapema, apande juu ya matuta, na achimbe mifereji ya kuondoa maji.

Mahali penye mto wa kumwagilia mambo ni mengine kabisa. Tazameni Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga. Mifereji ya huko ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mpunga hupenda maji yasimame, na udongo mweusi huyashika. Kinachouharibu mhindi ndicho kinachoulisha mpunga.

Pasipo mto, mazao ya udongo mweusi ni nyasi. Nyasi hustahimili kupasuka kwa ardhi, na pamoja nazo huota vile vijiti vya miiba yenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi hukaa. Kwa vizazi vingi Wamasai walichunga huko na kuhama kufuata mvua, na nyumbu na punda milia walifanya vivyo hivyo. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Wanyama hutoka wakati wa mvua, hupita Kitengela kwenda nyikani, na kurudi wakati wa kiangazi kufuata maji ya mto. Lakini ardhi ilipokatwa vipande na kuzungushiwa nyua, njia zilizibwa, na nyumbu wa huko wamepungua sana. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa baadhi ya wenye ardhi wa Kitengela ili wasiweke nyua. Watu hao walilipwa kwa kuuacha udongo ufanye kazi yake ya asili.

Kujenga juu ya udongo mweusi kunataka uangalifu. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuka mvua ikinyesha na kushuka jua likiwaka, na haiinuki sawasawa pande zote. Ndipo kuta hupasuka kutoka pembe za madirisha. Uchimbwe wote mpaka kwenye maramu au mwamba, na shimo lijazwe maramu au mawe yaliyoshindiliwa; usirudishe udongo ule ule. Maji ya paa yapelekwe mbali na kuta. Ikiwa udongo ni wa kina kirefu, mwite mhandisi kabla ya kumwita mwashi.

Udongo wa kichanga

Katika sehemu nyingi za Machakos, Makueni na Kitui udongo ulitokana na miamba ya kale sana, nao ni wa kichanga. Ni mwepisi kulima, lakini maji hupotea upesi, na mvua kali huufunga uso wake. Unafaa kwa mtama, ndengu, kunde na mbaazi. Matuta ya fanya juu, ambayo hufanywa kwa kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu, yameokoa mashamba mengi ya Machakos. Ukitaka kujenga hapo, tazama kwanza mahali maji ya mvua yanapopita, kwa maana udongo huu huchimbwa na maji kwa urahisi.

Jinsi ya kuupima mwenyewe

Ramani ya udongo wa Kenya nzima ilitolewa mwaka 1982. Lakini katika ramani hiyo sentimita moja ni sawa na kilomita 10, kwa hiyo shamba lako halionekani. Itakubidi uchimbe.

Kwanza, chimba mashimo ya futi 4 katika pembe za shamba na katikati. Angalia rangi inabadilika wapi na jiwe liko wapi.

Pili, lowesha udongo kidogo, uukande, uuviringishe uwe kama kalamu, kisha uupinde. Wa kichanga hauviringiki. Ule tifutifu huviringika lakini hukatika ukipindwa. Wa mfinyanzi hufanya pete.

Tatu, kwa kuwa mwekundu na mweusi yote yaweza kufanya pete, jaza udongo uliolowa katika kisanduku cha kibiriti na uuanike. Ukikauka na kuacha nafasi kubwa pembeni, huo ndio unaovimba na kunywea.

Nne, jaza maji shimoni. Yakiwapo bado kesho yake asubuhi, mahindi yatapata taabu.

Tano, litazame shamba kiangazi, na ulitazame tena wakati wa mvua. Muuzaji akikuharakisha, jiulize kwa nini.

Kisha, kama bado unalitaka kwa kilimo, peleka udongo ukapimwe katika maabara ya KALRO huko Kabete. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya msimu mmoja.

Mzee wetu

Mzee yule hakulaumu mtu. Aliniuliza neno moja tu: "Sasa nifanye nini?" Bwana Shamba alikwenda naye, wakachimba, na katika pembe moja wakakuta mwamba karibu na uso wa ardhi. Hapo alijenga nyumba yake ndogo. Zile eka nyingine aliacha nyasi ziote, na sasa huzikata na kuuza marobota kwa wenye ng'ombe wa maziwa. Anapata riziki yake. Lakini nusu eka ya Kiambu aliyorithi kwa baba yake ina nyumba za ghorofa juu yake, na hataiona tena.

Basi, wasomaji, kabla ya kuuza na kabla ya kununua, chukueni jembe kwanza. Na mkiwa na bonge la udongo katika gazeti, lileteni ofisini mapema, wakati fedha zingali mfukoni mwenu.