Dola ya mwaka 1893 iliyowekwa rehani mpakani

Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua adha ya dola kuukuu. Ukipeleka noti ya toleo la zamani, au yenye mpasuko mdogo kama ukucha, mbadilisha pesa anaigeuza, anaiinua kwenye mwanga, kisha anakurudishia au anakukata bei. Kwa hiyo shemeji yangu, anayeuza mchele na mafuta ya kula upande wetu wa Kobero, alipoambiwa kuwa ipo dola ambayo uzee ndio unaoipandisha bei, alidhani anataniwa.

Aliyemwambia ni mteja aliyechukua magunia 8 ya mchele kwa mali kauli. Kama rehani aliacha sarafu moja kubwa nyeupe, imefungwa ndani ya kikasha cha plastiki, imeandikwa 1893. Alidai kwamba Marekani sarafu hiyo inajenga nyumba. Wiki mbili zikapita, simu yake haipatikani. Shemeji akaja kwangu jioni, kikasha kimefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Shemeji, wewe umesoma," alisema. "Niambie kama nimeliwa."

Kusema kweli sikujua. Nilisomea Ulyankulu, mkoani Tabora, wakati wa ukimbizi, na sasa nafundisha hesabu. Mambo ya sarafu kuukuu hayakuwamo katika mtaala. Lakini ninaye binamu aliyekuwa kambini Kigoma, akachukuliwa kwenda Marekani mwaka 2007 pamoja na wakimbizi wenzetu wa 1972. Anafanya kazi kwenye bohari, na jirani yake mmoja, mzee mstaafu, alimwambukiza ugonjwa wa kukusanya dola za fedha. Nikampigia. Tulizungumza hadi salio likaisha, akapiga yeye.

Alianza kwa kuniambia kuwa mteja yule hakudanganya kwa yote. Kati ya mwaka 1878 na 1904, na tena 1921, Marekani ilipiga dola za fedha zinazoitwa kwa jina la mchoraji wake, George T. Morgan, Mwingereza. Kila moja ina gramu 26.73, na katika sehemu kumi, tisa ni fedha na moja ni shaba. (Lugha yetu ya Kiswahili ilikwisha kumaliza ubishi huu zamani: fedha ni madini na fedha ni pesa.) Sura ya mwanamke iliyo upande wa mbele ilichorwa kwa kumtazama Anna Willess Williams wa Philadelphia, ambaye alikuwa mwalimu. Nilifurahi kusikia kuwa yupo mwalimu aliyewahi kuonekana kwenye pesa.

Jambo la ajabu ni kwamba dola hizi nyingi hazikutumika. Sheria ya mwaka 1878 iliilazimisha serikali kununua fedha ya machimbo kila mwezi na kuigeuza sarafu, wananchi watake wasitake. Zikakaa hazina ndani ya magunia ya sarafu 1,000 kila moja. Mwaka 1918 ilipitishwa sheria nyingine, na zaidi ya dola milioni 270 zikayeyushwa. Fedha yake nyingi ikapelekwa India kuwaokoa Waingereza waliokuwa na shida ya sarafu huko. Hakuna aliyeandika kwa makini ni za miaka gani ziliyeyuka na zipi zilibaki. Ndiyo maana dola ya mwaka 1903 iliyopigwa New Orleans ilikuwa adimu ya kutafutwa kwa tochi, hadi mwishoni mwa 1962 hazina ilipofungua magunia na kuzitoa kwa wingi. Waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu waliona mali yao ikiporomoka kama bei ya nyanya siku malori matatu yanapoingia soko moja.

Basi uzee peke yake si kitu. Ipo dola ya mwaka 1881 ya San Francisco, zilipigwa zaidi ya milioni 12, na mpaka leo bei yake haiendi mbali na fedha iliyomo kama haikutunzwa vizuri. Wala mwaka ulioandikwa si ushahidi: riale ya Maria Theresa, waliyoipenda wafanyabiashara wa pwani na Uhabeshi, imeandikwa 1780 hata iliyopigwa miaka mingi baadaye. Lakini ya 1893 ya San Francisco zilipigwa 100,000 tu, na hata iliyochakaa huuzwa kwa maelfu ya dola. Shemeji aliposikia hapo, alikaa wima.

Binamu akatupeleka kwenye alama. Sarafu hupewa maksi kuanzia 1 hadi 70. Mpango huo aliutunga William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba, akikusudia kwamba yenye 70 iwe na thamani mara 70 ya yenye 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa, ila alama zimebaki. Kwa dola ya Morgan, msahihishaji hutazama kwanza nywele zilizo juu ya sikio, kisha kifua cha tai upande wa nyuma. Hapo ndipo mikono ya watu hula mapema. Isiyotumika kabisa huanzia 60. Lakini hata hiyo iligongana na wenzake ndani ya gunia, na shavu la yule mwalimu limejaa makovu. Kovu moja mahali pabaya linaishusha kutoka 65 hadi 64, na bei huanguka nayo.

Zamani muuzaji alijisahihishia mwenyewe, na sisi walimu tunajua mwanafunzi akijisahihishia anapata ngapi. Mwaka 1986 ikaanza kampuni ya PCGS, mwaka uliofuata NGC. Hizi huipa sarafu alama, kisha huifungia katika kikasha cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa, pamoja na karatasi yenye namba. Vikasha vya kwanza vya PCGS sarafu hulia ndani kama njuga ukivitikisa. Vikafuata vyenye karatasi ya kijani, hadi mwaka 1998. Leo vikasha hivyo kuukuu navyo vinatafutwa, kwa sababu wakusanyaji wengi wanaamini kuwa wasahihishaji wa miaka ile walikuwa wakali, na 64 ya wakati ule ni 65 ya sasa.

Hapa nilimkatiza binamu. Kama ni hivyo, mbona wasivivunje na kuomba mtihani usahihishwe upya? Akacheka. Wanavivunja sana! Zilizostahili kupanda nyingi zimekwisha kupandishwa, kwa hiyo baadhi ya zilizobaki kwenye plastiki ya zamani ni zile ambazo wajanja walizitazama wakaziacha. Ndiyo maana tangu 2007 ipo kampuni ya CAC inayokagua sarafu bila kuitoa kikashani na kubandika alama ya kijani ikiridhika, au ya dhahabu ikiona ilinyimwa maksi. Mimi naona wakusanyaji wengine wananunua plastiki kuliko sarafu. Binamu hakubaliani nami.

Tukarudi kwenye kile cha shemeji. Namba iliyo kwenye karatasi tuliiingiza katika intaneti. Ipo, tena ni ya dola ya 1893 ya San Francisco. Shemeji alipiga vigelegele. Nami, sitaficha, nilianza kupiga hesabu ya bati.

"Ngojeni," binamu alisema. "Nipigieni picha ya neno LIBERTY kwenye kilemba cha yule mama. Herufi T, karibu kabisa."

Dola zote za kweli za mwaka huo kutoka San Francisco zilipigwa kwa muhuri mmoja wa mbele, na muhuri huo ulikuwa na mkwaruzo mdogo juu ya T. Kwa hiyo kila sarafu ina kijistari cha mshazari hapo. Tulitumia kioo cha kukuzia cha maabara ya shule. T ilikuwa safi.

Nikaazima sumaku ya spika kwa fundi redio wa jirani. Fedha haivutwi na sumaku, shaba haivutwi. Nilipoisogeza, kikasha kizima kilinyanyuka mezani kikaning'inia. Namba ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye sarafu ya mtu mwingine kabisa, na plastiki nayo imeigwa.

Shemeji alikitazama kikining'inia kwa muda, kisha akaniomba ile sumaku. Fundi alimwachia kwa bei ndogo. Sasa iko dukani kwake kando ya mizani, na magunia yale 8 bado anayalipa Kahama, kidogo kidogo kila mwezi.