Daudi Wawili na Seli Inayongoja Kulishwa

Katika mitungi ya nitrojeni ya maabara nyingi duniani, kwenye baridi ya karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, mna vichupa vidogo vyenye jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: Daudi. Ndani yake ni seli za saratani, vitukuu vya uvimbe wa kijana wa miaka 16 wa Afrika Mashariki aliyeugua limfoma ya Burkitt. Mwaka 1967 zilioteshwa na kundi la Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, lililokuwa likishirikiana na daktari Peter Clifford wa Nairobi. Tangu hapo hazijaacha kuzaana.

Mwaka 1975 Klein huyohuyo, pamoja na Rolf Kiessling na Hans Wigzell, walieleza habari za chembe nyeupe za damu zenye tabia ya ajabu. Walizikuta kwenye wengu la panya. Ziliua seli za saratani ambazo hazikuwahi kukutana nazo, bila chanjo wala mafunzo. Nchini Marekani Ronald Herberman alikuwa ameona jambo hilohilo. Zikaitwa seli zinazoua kwa asili. Kwa kifupi, NK.

Namna zinavyomtambua adui inafanana na kazi ya askari wa getini. Karibu kila seli ya mwili hutundika nje yake protini za HLA, ambazo ni kama kitambulisho. Virusi na saratani mara nyingi huzificha protini hizo ili kuzikwepa seli za T, walinzi wengine wa mwili. Mswidi Klas Kärre alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hapo ndipo NK inapoingilia: asiye na kitambulisho hushukiwa. Seli za Daudi hazina kitambulisho hata kidogo, kwa sababu jeni ya protini moja inayokishikilia imeharibika. Kwa hesabu hiyo zilipaswa kuwa mteremko.

Si mteremko. Mtafiti huziloweka seli za Daudi kwenye kromiamu yenye mnururisho, akaziosha, kisha akazitia kwenye vishimo vya sahani ya plastiki pamoja na NK zilizotoka kwenye damu ya mtu mwenye afya. Husubiri kwa muda wa saa nne. Seli iliyotobolewa huvujisha kromiamu, na mashine huhesabu kilichovuja. NK zilizotolewa kwenye damu sasa hivi huvujisha kidogo tu. Lakini zile zilizowekwa kwanza siku kadhaa kwenye intaleukini-2 au intaleukini-15 humaliza Daudi kwa wingi. Askari ni walewale; tofauti ni kwamba hawa wamekula.

Chakula hicho ndicho kinachoitwa saitokini: protini ndogo ambazo seli hutoa ili kuziambia nyingine zikue, zigawanyike, zipigane au zitulie. Kwa NK, saitokini si ya siku ya vita tu. Bila hiyo, NK haizaliwi.

Safari huanza kwenye uboho wa mifupa, katika seli shina ambayo bado haijaamua itakuwa nini. Saitokini za mwanzo, zikiwemo intaleukini-7 na nyingine zinazolea seli shina, huisogeza kwenye njia ya limfosaiti. Kisha hutokea jambo dogo linaloamua mengi: seli huotesha juu ya ngozi yake kipokezi cha intaleukini-15. Kuanzia hapo ina sikio. Kwa binadamu, sehemu ya ukuaji huu hufanyika pia kwenye mafindofindo ya koo na kwenye tezi za limfu, yale matezi yanayovimba shingoni mtoto akipata homa.

Intaleukini-15 haielei ovyo kwenye damu kama homoni. Seli jirani huishika kwa kipokezi chake yenyewe, ikainyoosha nje, ikaigusisha kwenye sikio la NK changa, kama mama anayemtia mwanawe tonge mdomoni. Mguso huo huamsha vimeng'enya viwili, JAK1 na JAK3, navyo huamsha protini iitwayo STAT5, ambayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Baadhi ya jeni hizo huizuia seli isijiue. Hilo si dogo, kwa kuwa NK isiyolishwa hufa upesi.

Sehemu ya haya yote ilijulikana kupitia ugonjwa wa Daudi wa pili.

David Vetter alizaliwa Texas mwaka 1971 na akaishi karibu maisha yake yote ndani ya chumba cha plastiki kilichosafishwa vijidudu, kwa sababu mwili wake haukuwa na kinga. Mwaka 1983 alipandikizwa uboho wa dada yake. Ndani ya uboho huo kilijificha kirusi cha Epstein-Barr, kilekile kilichoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1964 katika seli za limfoma ya Burkitt zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Kwa watu wengi kirusi hiki hukaa kimya. Kwake kilizaa saratani ya limfu, na akafariki Februari 1984 akiwa na miaka 12.

Jeni inayosababisha ugonjwa wa aina yake ilipatikana mwaka 1993. Hutengeneza kipande kimoja cha kipokezi ambacho saitokini sita hukichangia, ikiwemo intaleukini-2, 7 na 15. Watoto wenye kasoro hiyo hawana seli za T, wala hawana NK. Je, ni saitokini ipi kati ya sita inayozaa NK? Mwaka 1998 walielezwa watoto wenye kasoro kwenye kipokezi cha intaleukini-7 pekee: hawakuwa na seli za T, ila NK walikuwa nazo. Mshukiwa mmoja akaachiwa. Mwaka 2000 walitengenezwa panya wasio na intaleukini-15, na NK zao zikatoweka. Kesi ikaisha hapo, kwa sehemu kubwa.

Ujuzi huo sasa umefika hospitalini. Aprili 2024 Marekani iliidhinisha dawa iliyotengenezwa kwa intaleukini-15 iliyoimarishwa, kwa saratani ya awali ya kibofu cha mkojo. Hutiwa ndani ya kibofu pamoja na BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu iliyowaachia wasomaji wengi wa makala haya kovu mkononi, kwa wagonjwa ambao BCG peke yake haikuwafaa.

Na huko Houston, katika mji uleule alikofia David, kundi la Katy Rezvani wa kituo cha saratani cha MD Anderson lilitoa taarifa mwaka 2020. Walichukua NK kutoka damu ya vitovu vya watoto wachanga, wakazipandikiza kipokezi cha kuzielekeza kwenye saratani, pamoja na jeni ya intaleukini-15, ili kila seli itembee na posho yake. Wagonjwa 11 wa saratani za damu na limfu walidungwa. 8 waliitikia, na kwa 7 dalili za ugonjwa zilitoweka kabisa.

Wahandisi hao waliweka kitu cha tatu. Panya wanaozalisha intaleukini-15 kupita kiasi huishia kupata saratani ya damu. Kwa hiyo kila seli ilifungiwa ndani yake swichi ya kujiua, ambayo daktari huiwasha kwa sindano ya dawa endapo seli zitaanza kuzaana bila kikomo. Kwa wale 11, swichi haikuhitajika kuguswa.