Kipanya kwenye klavie: dola 40 zilibaki sandukuni



Siku mbili kabla ya kugawana akiba yetu ya mwaka, kompyuta ya kikundi ilitugomea. Tundu la USB la kipanya, kile wengi wetu tunakiita suri, lilikuwa limelegea. Mshale ukaganda katikati ya hesabu za mikopo. Tundu moja tu lilibaki zima, nalo lilishikwa na waya wa klavie. Fundi mmoja akaomba dola 40. Hizo ni michango ya wamama ishirini, kila mmoja dola mbili. Mama mweka hazina alikuwa ameshika ufunguo wa sanduku.

Nilimwomba asubiri kidogo. Niligeuza klavie, na nyuma yake, karibu na mahali waya unapotokea, nikaona tundu dogo la USB ambalo hatukuwahi kulitazama. Nilichomeka kipanya humo. Mshale ukatembea. Jioni ile hesabu zikaisha.

Klavie ya namna hii ni kama ralonge ya umeme nyumbani: waya mmoja unaingia, matundu mengine yanatoka. Si jambo jipya. Kwenye kompyuta za Macintosh za mwaka 1987 kipanya kiliweza kuungwa kupitia klavie. Klavie ya Apple ya waya, yenye tarakimu upande wa kuume, iliyotoka mwaka 2007, ina matundu mawili. Klavie nyingi za bei ndogo hazina hata moja, basi tazameni yenu pande zote.

Lakini ralonge hii ni nyembamba. Tundu la USB 2 la kompyuta hutoa hadi miliampea 500. Tundu la klavie inayotegemea waya wake tu hupewa 100. Kipanya kinatosheka na hizo, na hata kile kisicho na waya kitafanya kazi mkichomeka hapo kidude chake. Simu haitajaa vizuri, na diski ya nje inaweza kukataa kufunguka. Waambieni watoto wasichomeke simu pale.

Na kama klavie haina tundu? Kwenye Windows, bonyezeni pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, kisha Enter. Sasa zile tarakimu za upande wa kuume zinasukuma mshale: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kuume. Namba 5 inabonyeza mahali pa kipanya. Ni polepole, lakini hesabu inamalizika.

Siku ya kugawana, kila mama alipata chake kamili. Mama mweka hazina sasa ana desturi mpya: kabla ya kufungua sanduku kwa ajili ya fundi, anageuza kwanza kitu chenyewe na kukitazama pande zote. Tufanye vivyo hivyo, wamama.