Kulia na Kushoto ni Mapacha

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya juma hili yanaanza na moto. Aliyewahi kuona nyika ikiungua wakati wa kiangazi anajua kwamba moto huenda mbele tu, haurudi ulikotoka. Nyuma yake kumebaki majivu, na mpaka nyasi ziote tena na kukauka, hapo hapawaki. Kwa sababu hiyohiyo, mioto miwili ikikutana uso kwa uso, yote miwili huzimika.

Sasa fikiria nyika ambayo nyasi zake huota upya kwa muda wa dakika moja tu. Ndivyo ulivyo mchanganyiko mmoja wa kemikali ambao Boris Belousov, mkemia wa Urusi ya Kisovieti, aliugundua mwaka 1951. Ulibadilika rangi, ukarudia rangi ya awali, ukabadilika tena, kwa zamu, kama mtu avutaye pumzi. Belousov alipopeleka taarifa yake kwenye jarida la sayansi alirudishiwa. Aliambiwa jambo hilo haliwezekani, maana kemikali zikichanganywa huenda upande mmoja mpaka zitulie. Kumbe hata hizi zilikuwa zikienda upande mmoja: kila zamu zilikula akiba yao kidogo, na akiba ilipokwisha zikatulia. Taarifa fupi ilikuja kuchapishwa mwaka 1959, tena katika kitabu cha tiba ya mionzi, mahali ambapo wakemia wachache wangeitafuta.

Kijana mwenzake wa huko, Anatol Zhabotinsky, aliichukua kazi hiyo tangu mwaka 1961. Mchanganyiko ulipomiminwa katika sahani pana, ukawa utando mwembamba, rangi hazikubadilika mahali pote kwa pamoja. Zilitembea kama mawimbi ya moto wetu wa nyika. Mwaka 1972 Mmarekani Arthur Winfree akaeleza kwamba baadhi ya mawimbi hayo hujisokota kama gamba la konokono, yakizunguka bila kukoma.

Konokono hao hutoka wapi? Wimbi linapokatika katikati hubaki na ncha mbili. Kila ncha huchelewa kuliko sehemu nyingine ya wimbi, ikajikunja kuelekea nyuma, ambako nyasi zimekwisha kuota, ikaanza kuzunguka. Ncha moja huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa, ya pili kinyume chake. Ni mapacha, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Kemikali zenyewe hazina upendeleo. Kulia na kushoto kwao ni sawa.

Lakini mapacha hawa si lazima waishi maisha sawa. Mmoja akisogea mpaka ukingoni mwa sahani, hukosa mahali pa kuzungukia, akafa. Anayebaki huitawala sahani nzima, na kila kitu huzunguka upande wake. Usawa wa kulia na kushoto umevunjika, na kilichouvunja ni ukingo tu. Tena huyu aliyebaki ni mgumu kumwondoa. Wale wawili wangeweza kukutana wakazimana, lakini huyu hana tena pacha wa kumzima.

Pengine utauliza, sahani ya kemikali inatuhusu nini? Ndugu msikilizaji, weka mkono kifuani. Kila pigo la moyo wako ni wimbi la umeme lipitalo katika misuli, na nyuma yake misuli hupumzika kidogo kabla ya kuweza kuitikia tena. Ni nyika ileile. Wimbi hilo likikatika, kwa mfano kwenye kovu lililoachwa na shambulio la moyo, ncha zake zaweza kujisokota. Mwaka 1992 watafiti wa Syracuse, Marekani, walitoa picha za mawimbi ya namna hiyo katika vipande vya misuli ya moyo wa kondoo na mbwa. Mengine yalikaa mahali pamoja, mengine yakahama mpaka ukingoni yakafa.

Konokono wa moyoni huzunguka kwa kasi kuliko mapigo ya kawaida, kwa hiyo hunyang'anya uongozi. Moyo huenda mbio. Akivunjika akawa wengi, moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu hufa kwa dakika chache. Ndiyo maana madaktari hutumia mashine ya kushtua moyo. Umeme wake huiamsha misuli kwa pamoja, kama kuichoma nyika nzima mara moja. Wimbi hukosa pa kwenda, likazimika, na moyo hupata nafasi ya kuanza upya kwa utaratibu wake. Mwaka 1947 daktari mpasuaji Claude Beck wa Cleveland alimwokoa kijana wa miaka 14 kwa njia hiyo. Pasipo na mashine, mtu akianguka ghafla, hajitambui wala hapumui, itwe msaada na kifua chake kikandamizwe kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha, mpaka msaada ufike.

Belousov alifariki mwaka 1970. Mwaka 1980 yeye na Zhabotinsky na wenzao watatu walitunukiwa Tuzo ya Lenin, naye hakuwapo kuipokea. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Yule mhariri aliyemrudishia karatasi zake aliona kioja cha rangi, kumbe ndani yake mlikuwa na habari za moyo wake mwenyewe.