Je, Wajua? Waliogharamia Haki ya Wenzao

Mshikamano ni neno jepesi jukwaani. Uzito wake huonekana mtu anapopoteza mshahara, nchi inapotoa ardhi yake, au mzee anapovuka bahari kwenda kusimama mahakamani. Hawa ni baadhi ya watu waliobeba mzigo ambao wangeweza kuupita kando.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere aliingia katika vita dhidi ya makaburu kabla nchi yake haijawa huru? Tarehe 26 Juni 1959, akiwa rais wa TANU, alihutubia mkutano wa London uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Mwaka uliofuata polisi waliua watu 69 Sharpeville, na kampeni hiyo ikakua kuwa Anti-Apartheid Movement.

Je, wajua kwamba India ilikuwa imetangulia? Mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya uhuru wake, ilikata biashara na Afrika Kusini kwa sababu ya sheria zilizowabagua watu wa asili ya Kihindi, na shauri hilo ikalifikisha Umoja wa Mataifa.

Je, wajua kwamba Machi 1961 Nyerere alitangaza kuwa Tanganyika haitajiunga na Jumuiya ya Madola iwapo Afrika Kusini itabaki humo? Mwezi huohuo Afrika Kusini iliondoa ombi lake la kuendelea na uanachama.

Je, wajua kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam hadi ilipovunjwa mwaka 1994? Kuanzia 1972 hadi mwisho iliongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, nayo ilizaliwa katika jiji hilo Juni 1962, na humo ndimo kiongozi wake, Eduardo Mondlane, alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969.

Je, wajua kwamba reli ya TAZARA, yenye urefu wa takriban kilomita 1,860, ilijengwa ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake katika nchi zilizotawaliwa na walowezi? Wafanyakazi wa China, Tanzania na Zambia waliijenga pamoja kati ya 1970 na 1975.

Je, wajua kwamba Mazimbu, Morogoro, paliwahi kuwa na shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini? Tanzania ilitoa ardhi, nchi za Skandinavia zikachangia, na vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya 1976 wakapata mahali pa kusoma. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni bado yako pale.

Je, wajua kwamba mabalungi yaliwahi kuzua mgomo wa karibu miaka mitatu? Tarehe 19 Julai 1984, Mary Manning, karani wa malipo wa miaka 21 katika duka la Dunnes Stores jijini Dublin, alikataa kupokea malipo ya matunda ya Afrika Kusini. Alifuata agizo la chama chake cha wafanyakazi. Aliposimamishwa kazi, wenzake wakatoka naye. Wengi wao hawakujua mengi kuhusu ubaguzi wa rangi; aliyewafundisha ni Nimrod Sejake, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, ambaye alisimama nao barabarani mlangoni pa duka. Mwaka 1985 walisafiri kwenda Afrika Kusini kujionea wenyewe, wakazuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa. Hawakulegea. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ilipiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika Kusini.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1984, makuli wa San Francisco walikataa kwa siku 11 kupakua shehena ya Afrika Kusini kutoka meli ya Nedlloyd Kimberley?

Je, wajua kwamba mafundi wa kiwanda cha Rolls-Royce huko East Kilbride, Uskoti, walikataa mwaka 1974 kutengeneza injini za ndege za kivita za Chile? Ndege za aina hiyo ndizo zilizoshambulia ikulu ya Santiago katika mapinduzi ya 1973. Injini hizo zilikaa kiwandani miaka minne.

Je, wajua kwamba Waafrika Kusini walifanya vivyo hivyo zamu yao ilipofika? Aprili 2008, meli ya China iitwayo An Yue Jiang ilifika Durban na silaha za serikali ya Zimbabwe, wakati nchi hiyo imo katika mgogoro wa uchaguzi. Makuli wa chama cha SATAWU walikataa kuzipakua, viongozi wa dini wakaenda mahakamani, na meli ikang'oa nanga bila kushusha shehena hiyo.

Je, wajua kwamba mahakama iliyokaa Arusha ndiyo ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari? Hukumu ya Jean-Paul Akayesu wa Rwanda ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998 na majaji watatu kutoka Senegal, Afrika Kusini na Uswidi. Ilitamka pia kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Je, wajua kwamba mbegu ya Arusha iliota mbali? Abubacarr Tambadou, mwanasheria wa Gambia aliyefanya kazi katika mahakama hiyo, alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa nchi yake. Mwaka 2018 alifika kambi za wakimbizi za Cox's Bazar, Bangladesh, na katika masimulizi ya Warohingya waliokimbia Myanmar akasikia yale aliyoyasikia kutoka kwa manusura wa Rwanda. Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo kuliko zote za bara la Afrika ukiacha visiwa, iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 23 Januari 2020 majaji wote kwa kauli moja waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya.

Je, wajua kwamba Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, alihukumiwa Dakar? Souleymane Guengueng, aliyenusurika magereza yake, alikusanya na wenzake ushahidi wa waathirika 792. Wakili wao, Jacqueline Moudeina, alijeruhiwa kwa guruneti mwaka 2001 lakini hakuiacha kesi. Wanaharakati wa Senegal na mabara mengine waliungana nao, na Ubelgiji ikaibana Senegal hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Tarehe 30 Mei 2016 Habré alifungwa maisha, na jaji aliyesoma hukumu alitoka Burkina Faso.

Je, wajua kwamba wazee wa Mau Mau waliishtaki Uingereza katika mahakama zake yenyewe? Walifungua kesi London mwaka 2009, wakisaidiwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, mawakili wa Uingereza, na wanahistoria wa Uingereza na Marekani. Nyaraka za kikoloni zilizofichwa Hanslope Park, Uingereza, zikafichuka. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Angalia walivyo watu hawa: karani, kuli, fundi, mkimbizi, mfungwa wa zamani, nchi changa. Si wenye nguvu waliotangulia, na karibu kila ushindi ulichukua miaka. Nasi Waafrika Mashariki tumetoa na tumepokea. Kwa hiyo, ukipita Morogoro, fika Mazimbu na umpeleke mtoto wako. Na siku utakapoombwa kususia bidhaa, kutia saini au kutoa ushahidi kwa ajili ya watu usiowajua, usianze kwa kuuliza wao ni wa kabila gani. Uliza wamedhulumiwa nini, kisha simama nao.