Kabla Hujasinzia: Star Trek Uianzie Wapi?

Mpenzi wako ni shabiki wa kufa wa tamthilia iliyoanza kabla ninyi wawili hamjazaliwa? Usikimbilie kulala. Mlango wa kuingilia upo, tena unaongea Kiswahili.

Ilikuwa Julai, na kama umewahi kukaa Songea unaijua baridi ya Julai. Tulikuwa Ruhuwiko kwa mama mkwe, likizo ya wiki mbili. Usiku wa kwanza mume wangu akawasha kompyuta, akavuta meza, akatangaza: "Leo mke wangu nakuanzishia Star Trek, tangu mwanzo kabisa."

Nikajifunika blanketi, nikakaa mkao wa kula. Dakika 20 baadaye nilikuwa nakoroma.

Basi bwana, akanuna! Kesho yake salamu za mkato. Keshokutwa akaangalia peke yake, spika za masikioni kazibandika. Mie nami nikanuna. Nimesafiri kutwa nzima nije kupumzika na mume wangu, matokeo yake nakaa naye kochi moja kama abiria wa basi.

Usicheke. Wangapi tumegombana kwa sababu ya mpira wa Jumamosi au tamthilia za Kikorea? Ugomvi wenyewe wala hauhusu runinga. Mmoja anaona kitu anachokipenda miaka yote hakijaliwi na mwenzake. Mwingine anaona kafungiwa nje.

Alikosea wapi?

Star Trek si mchezo. Ina zaidi ya sehemu 800 za tamthilia mbalimbali, na sinema 13 zilizotoka kati ya 1979 na 2016. Mgeni akitajiwa idadi hiyo tu, tayari anapiga miayo.

Mume wangu aliniwekea The Cage, kipindi cha majaribio ambacho kituo cha NBC cha Marekani kilikikataa. Ilibidi Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia hiyo, atengeneze kingine. Wahusika karibu wote wakabadilishwa, akabaki Spock. Kwa hiyo kunianzishia hapo ni sawa na kumpeleka mchumba akatambulishwe kwenye nyumba ambayo ukoo wenu ulishahama.

Kosa la pili wanalofanya mashabiki ni kufuata miaka ya ndani ya hadithi. Hapo utaambiwa uanze na Enterprise, iliyotoka 2001, kwa kuwa visa vyake vinatangulia. Lakini utamu wake mwingi ni kwa anayejua kinachokuja mbele. Wewe hujui, utaboreka bure.

Mama mkwe akasikia

Usiku wa nne nikamwambia, "Niwekee ile watu waliyoiona kwanza kwenye runinga." Akaweka The Man Trap, iliyorushwa tarehe 8 Septemba 1966. Kuna kiumbe kinachofyonza chumvi mwilini mwa binadamu, na kinaweza kujigeuza sura ya mtu yeyote. Kikamfuata dada mmoja mweusi, afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga. Kikajigeuza kaka wa Kiafrika na kuanza kumsemesha kwa Kiswahili.

Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chai ya tangawizi. Akasimama mlangoni. "Heh! Mwanangu, na huyo naye ni wa kwetu?"

Lafudhi ni ya kigeni, sikatai. Lakini fikiria: Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka 5 ya uhuru, na tayari Kiswahili kinasikika kwenye runinga ya Marekani, angani, karne kadhaa mbele! Usingizi ukaniisha.

Dada huyo ni Uhura. Jina lake limetokana na neno letu "uhuru", na mwigizaji wake alikuwa Nichelle Nichols. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, akakutana na Martin Luther King, naye akamsihi abaki kwa sababu ya watu weusi waliokuwa wakimtazama. Akabaki. Mwaka 1977 alianza kuisaidia NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kufunzwa uanaanga. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kufika angani, 1992, alisema Uhura alimtia hamasa. Nichols alifariki 2022, akiwa na miaka 89.

Mie niliyesomea mawasiliano, na kuambiwa na wajomba kwamba hiyo si kozi, nilijikuta namshangilia.

Chagua mlango wako

Una usiku mmoja tu? Baada ya The Man Trap angalia The Changeling, ya 1967. Uhura anafutwa kumbukumbu, na anapofundishwa upya Kiingereza, kinachomtoka ni Kiswahili. Kila sehemu ni kama dakika 50 na kisa chake kinajitegemea.

Mnapenda sinema zenye purukushani na mapenzi kidogo? Star Trek ya 2009, ya J.J. Abrams. Uhura ni Zoe Saldana. Kirk anahangaika kulijua jina lake la kwanza, kumbe Spock keshalijua siku nyingi! Jina lenyewe ni Nyota.

Mnataka tamthilia ya kukaa nayo? Strange New Worlds, iliyoanza 2022. Msimu wa kwanza una sehemu 10. Uhura, safari hii Celia Rose Gooding, bado mwanafunzi, ametoka Kenya, na kapoteza wazazi na kaka yake katika ajali. Sehemu ya pili, anapojaribu kuelewana na nyotamkia kwa wimbo, jiandae na leso.

The Next Generation (1987 hadi 1994) iwekeni akiba. Ina sehemu 178, na mashabiki wengi watakuambia inakolea kuanzia msimu wa tatu.

Kwa wewe shabiki

Mwache mgeni achague. Usisimamishe picha kila dakika utoe mhadhara. Asipopenda, usinune: kaikataa tamthilia, hajakukataa wewe.

Usiku ule, mama alipokwenda kulala, nilimuuliza mume wangu kwa nini alikasirika vile. Akasita, kisha akasema tangu yuko sekondari anaangalia peke yake, na alipooa alidhani upweke huo umekwisha. Sikujua. Miaka sita ya ndoa, na sikuwahi kumuuliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa hivi tuko msimu wa tatu, na ni mimi ninayemgombeza akisinzia.