Bado si hapana

Muulize kijana wa Mji Mkongwe wa Unguja kama kaoa. Ikiwa hajaoa, ni nadra kukujibu “hapana”. Atasema “bado”, hata kama hana mchumba wala mahari. Jibu la “hapana” lingesikika kama kwamba suala la ndoa halimhusu.

Kielezi hiki huwatatiza wageni wanaojifunza Kiswahili. Pale kituoni konda wa daladala anaita, “Bado wawili!” Abiria mmoja yuko kwenye simu: “Boti keshapanda? Bado?” Bibi aliye kiti cha nyuma anasema mguu bado unamuuma. Mwingereza, kwa maumivu ya bibi angetumia still. Kwa asiyepanda boti angetumia yet na kikanushi juu yake. Kwa wale wawili angetafuta kitenzi cha kubaki. Sisi neno letu ni hilo hilo moja.

Wengi husema “bado” ina maana tatu. Mimi naona ni moja: hali haijageuka, na msemaji anatazamia igeuke. Mguu ulitarajiwa upoe, haujapoa. Gari ilitarajiwa ijae, haijajaa. Ndiyo maana huwezi kusema “bado ni Mzanzibari” bila msikilizaji kujiuliza ni nani aliyedhani umeacha kuwa Mzanzibari.

Asili ya “bado” ni Kiarabu, ba'du, na “baada” ni ndugu yake. Katika Kiarabu sanifu, likitumika kwa jambo lisilotokea, hufuatana na kikanushi. Kwetu linaweza kusimama peke yake, likabeba ukanushi wote mgongoni.

Mwenziwe mkubwa ni kiambishi -ja-. “Mgeni hakuja”: wali umeshapakuliwa, watu wamekula. “Mgeni hajaja”: sufuria limefunikwa, mtoto katumwa achungulie njiani. Ndiyo maana “hajaja bado” inakaa vizuri mdomoni, lakini “hakuja bado” inakwaruza masikio ya Mzanzibari. Na upande wa pili wa “bado” ni hiyo “kesha” ya abiria wetu, ambayo vitabu hupenda kuiandika “amekwisha” au “amesha-”. Kichekesho ni kwamba lahaja ya mjini Unguja ndiyo iliyochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hadi leo mwanafunzi wa Unguja huweza kusahihishwa kwa wino mwekundu akiandika “keshafika”.

Kuna na “bado kidogo aanguke”, yaani nusura. Hapo kinachotazamiwa ni balaa, nalo halikutimia.

Na kuna “na bado!” Umeme umekatika, bomba halitoi maji, mvua inavuja chumbani, jirani anachungulia dirishani, anacheka, anasema, “Na bado!” Hajataja kitakachofuata, wala hahitaji. Anachosema ni kwamba orodha haijafungwa.